Inakojoa vizuri, lakini inachemka: shajara ya mashine ya mjomba

6 Septemba

Mjomba kanunua impela ya tatu ndani ya mwaka mmoja (ni kile kigurudumu cha mapezi ya mpira kinachosukuma maji ya kupoza mashine) na mashine bado inachemka, ndiyo maana leo nimefungua daftari.

Chombo ni boti la faiba la mita 7, linalala Pangani mjini. Mashine ni Yamaha Enduro 40, mipigo miwili, silinda mbili, sisi 703. Kazi yake ni kupeleka wageni Maziwe, na Maziwe haina subira: kile kifungu cha mchanga kinaonekana maji yakipwa, yakijaa kinazama. Ukichelewa saa moja umewapeleka watu kutazama bahari. Leo wamechelewa saa mbili.

Kwa maelezo ya mjomba, dakika kama 20 baada ya kuvuka mlango wa mto, akiwa amevuta mafuta mpaka mwisho, nguvu ilianza kushuka. Ikaja harufu ya rangi inayoungua, halafu mvuke chini ya kofia. Akazima. Wakaelea nusu saa, wageni wakitapika kwa zamu. Alipovuta kamba iliwaka, akarudi kwa mwendo wa ngalawa. "Na muda wote inakojoa vizuri!" Hilo kalisema mara nne, kama mtu anayemtetea mwanawe polisi.

Mkojo ni kile kijito cha maji kinachoruka kutoka nyuma ya mashine. Mabaharia wote hukitazama: kikiruka, mashine nzima, kikikatika, zima haraka. Fundi aliyebadilisha impela zile mbili naye alikitazama kijito tu, akapokea hela, akaondoka.

Mimi ni fundi friji. Mashine za boti si kazi yangu, ila nina hisa katika hiki chombo, na kufuata joto linapita wapi ndiyo kazi inayonilisha. Nimemwomba mjomba impela ya tatu ikae kwenye boksi lake, anipe wiki tatu. Kanipa mbili.

7 Septemba

Leo sikushika spana. Nilikaa na mjomba barazani, nikamhoji.

Inachemka mtoni? Hapana. Ukiwa mwenyewe, bila mzigo? Mara moja tu, siku ya upepo. Ukienda nusu mwendo? Haijawahi. Ukipunguza mafuta, inapoa? Inapoa, lakini inachukua muda.

Majibu haya yana thamani kuliko impela. Impela iliyochoka kwa kawaida hujionyesha kwanza mashine ikiwa taratibu, maana mapezi ya mpira yaliyolala hayasukumi maji mzunguko ukiwa mdogo. Inayochemka kwa kasi tu huwa na hadithi nyingine: njia ya maji imebana, au inavuta hewa badala ya maji, au mafuta ni haba kuliko hewa kwenye kabureta, au imebebeshwa kuliko nguvu yake.

Jioni niliondoa shaka mbili. Kwanza kimo. Nililaza ubao mrefu chini ya tumbo la boti mpaka kwenye mguu wa mashine: lile bati pana la juu ya propela liko sentimita 2 chini ya usawa wa tumbo, basi matundu ya kuvuta maji hayatoki nje. Pili mchanganyiko wa petroli na oili. Mjomba anatia mililita 400 za oili kwenye galoni la lita 20, yaani moja kwa hamsini, na anapima kwa chupa aliyoichora alama kwa msumari. Hapo hana kosa.

Tumbo la boti lina chaza wadogo upande wa tezi, yaani nyuma. Tumewakwangua. Hawakuwa wengi kiasi cha kuchemsha mashine.

9 Septemba

Plagi. Ya silinda ya chini ina rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa. Ya juu ni nyeupe, kavu, kaure yake kama mfupa uliokaa juani. Nyeupe maana yake joto limezidi, ama kwa mafuta haba, ama kwa kukosa kupozwa.

Nikaazima geji ya kupimia mgandamizo. Juu 112, chini 118. Tofauti haifiki sehemu moja ya kumi. Nilishusha pumzi, maana kama pistoni ya juu ingekuwa imeshachuna ukuta wa silinda, haya yote yangekuwa matanga.

Nikafungua kabureta, nikapuliza vijitundu, nikairudisha. Ilikuwa safi.

11 Septemba

Jaribio la pipa. Tumelitia maji ya bomba pipa la lita 200, tukashusha mguu wa mashine ndani, propela tumeivua kwanza, maana propela ndani ya pipa inatoa maji yote nje kabla hujaanza kupima, na vidole navyo.

Aibu ndogo: nilianza na kile kipimajoto cha bastola kilichobaki nyumbani tangu Korona. Kinaishia nyuzi 42 na kitu, juu ya hapo kinalalamika tu. Kilitengenezwa kwa vipaji vya nyuso za watu. Nikarudi dukani kuchukua cha kazini, kinachofika nyuzi 380.

Tena ujanja mmoja wa kazi yetu: hiki chombo hudanganywa na chuma kinachong'aa. Ukikielekeza kwenye aluminiamu tupu kitakupa namba ndogo kuliko ukweli. Nimebandika vipande vinne vya gundi nyeusi ya umeme: hedi (kifuniko cha silinda) juu, hedi chini, kifuniko cha egzosi, na tumbo la silinda. Napima palepale siku zote, umbali uleule.

Baada ya dakika 10 bila gia: hedi chini nyuzi 39, hedi juu 47. Maji ya kijito 32.

Namba ndogo zote, lakini zilinishangaza mara mbili. Moja, 39 ni baridi mno kwa mashine yenye thamostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka mashine ipate joto. Mbili, kwa nini vyumba viwili vya nyumba moja vipishane nyuzi 8 mashine ikiwa imekaa tu?

Nikamwuliza mjomba kuhusu thamostati. Akatazama pembeni. "Ile fundi aliitoa. Mwaka juzi. Alisema inazuia maji."

Kumbe mashine imeshachemka tangu mwaka juzi.

13 Septemba

Baharini, mimi tezi na kipimajoto na daftari, mjomba kwenye usukani, vijana watatu na mifuko ya mchanga sita badala ya wageni. Kofia ya mashine tumeivua. (Msiige mkiwa na watoto botini, gurudumu linazunguka wazi.)

Nusu mwendo, dakika 10: chini 44, juu 58.

Mafuta yote, dakika 3: chini 48, juu 69.

Dakika 6: chini 52, juu 81.

Dakika 8: juu 90. Nikapiga kelele, mjomba akapunguza.

Na kijito? Kiliruka kama cha mtoto mwenye afya, mwanzo hadi mwisho. Nikakinga maji yake kwenye kopo, nikapima: nyuzi 36. Mjomba kayagusa mwenyewe kwa kiganja, halafu akasogeza kiganja karibu na hedi, akakirudisha haraka.

Hapo tukakaa kimya sote wawili. Maji ya nyuzi 36 hayajapita karibu na chuma cha nyuzi 90. Kijito ni tawi tu, kinakuambia pampu inasukuma. Hakikuambii maji yamefika kila chumba. Silinda ya juu inakaa kiangazi, ya chini inakaa masika, na mlangoni bomba linamwaga kama kawaida.

14 Septemba

Hata hivyo nimefungua mguu wa mashine, kwa ajili ya amani ya nyumbani. Impela ni nzima, mapezi sita yote yamesimama. Bati la chini yake lina mikwaruzo ya mchanga, si mibaya. Mlango wa mto huu maji yakipwa ni uji wa mchanga, na mjomba hupita hapo mguu ukiwa umeshushwa wote.

Kurudisha kulinitesa. Shafti iligoma kuingia kwenye meno yake. Nusu saa ya kulaani. Jambo moja nililifanya sawa: wakati wa kushusha kibweta cha pampu nilizungusha shafti kwa kufuata saa, mapezi yalale upande wao. Ukiyalaza kinyume, unayavunja mgongo kabla hayajafanya kazi hata siku moja.

Kitu kingine nilichokiona huko chini: ile zinki iliyofungwa kwenye mguu, inayotakiwa kuliwa na chumvi badala ya mashine, imepakwa rangi nyeusi nzuri kabisa pamoja na gia boksi. Mjomba aliipaka siku ya Idi. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi, ni sawa na kumfunga mlinzi ndani ya chumba. Nimeikwangua mpaka ikang'aa.

16 hadi 18 Septemba

Siku tatu, bolti. Chumvi imezishika kama zilichomewa. Kila jioni nilizimwagia mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi nikapiga vichwa vyake kidogo kidogo kwa nyundo, nikapasha aluminiamu iliyozizunguka kwa moto wangu wa kuchomea mabomba ya friji, nikarudi nyuma kidogo, mbele kidogo. Tangi la mafuta na mpira wake nilishavipeleka mbali. Bolti za hedi zote zilikubali.

Ya mwisho, kwenye kifuniko cha thamostati, ikakatika. Nilijisikia vibaya kimwili.

Fundi wa mageti hapa mtaani aliniokoa. Aliweka nati juu ya kisiki kilichobaki, akachomea katikati ya tundu la nati mpaka vikashikana, akaacha kipoe, akageuza kwa spana. Kikatoka kikilia. Alikataa hela, akataka apelekwe Maziwe siku ya mapumziko.

19 Septemba

Leo nimeona.

Chini ya kifuniko cha thamostati hakuna thamostati, hilo nilishalijua. Hakuna gasketi pia. Kuna silikoni nyekundu, ile ya kuzibia injini za magari, imepakwa kwa moyo mkunjufu. Kifuniko kilipokazwa, silikoni ya nje ilichomoza nje na mtu akaifuta kwa kidole. Ya ndani nayo ilichomoza ndani, na huko hakuna kidole. Imekauka ikiwa nyoka wa sentimita 4, mwili umelala ndani ya mlango wa maji, kichwa kimeingia kwenye njia inayotoka silinda ya juu.

Nikavua hedi. Chumba cha maji cha silinda ya chini kina ngozi nyembamba nyeupe, unaweza kukiona chuma. Cha juu hakionekani kama chumba. Kimejaa gaga gumu la kijivu, ukilichokoa linatoka vipande kama vya sufuria ya kuchemshia maji ya kisima. Katikati limebaki tundu la kupita penseli.

Sasa naweza kusimulia mwenendo wote. Mwaka juzi mashine ilichemka kidogo, sababu yake ya kwanza siwezi kuikamata tena. Ikatolewa thamostati, ikatiwa silikoni. Nyoka akapunguza maji ya silinda ya juu. Maji yaliyobaki mule yakazidi joto, na maji ya bahari yakipata joto huacha chokaa yake ukutani. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo gaga lilivyonenepa, na kadiri lilivyonenepa ndivyo joto lilivyopanda. Ukienda taratibu, moto wa petroli ni mdogo, lile tundu la penseli linatosha. Ukivuta mafuta yote halitoshi.

Wala simlaani yule fundi. Pangani hupati gasketi ya mashine hii dukani, unaagiza Tanga au Dar na kusubiri, na mwenye boti amesimama juu ya kichwa chako akihesabu wageni. Silikoni ipo kila duka la vipuri vya pikipiki. Ila angeipaka nyembamba.

Mjomba alimshika yule nyoka mwekundu kwa vidole viwili, akamtazama juani, akamweka mfuko wa shati. Sijui anampeleka wapi.

20 hadi 22 Septemba

Kusafisha. Jirani alishauri maji ya betri. Hapana. Asidi ile inaila aluminiamu yenyewe, utabaki na chokaa imeondoka na ukuta umeondoka nayo.

Nimetumia siki nyeupe ya dukani, chupa tisa. Kwanza maji baridi ya bomba kwa saa kadhaa, kwa sababu chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe, haihitaji siki. Linalobaki baada ya hapo ndilo gaga la chokaa na unga wa aluminiamu iliyoliwa. Siki ikianza kutoa mapovu, ujue imelipata. Ngoja kwa muda wa saa nne, mwaga, chokoa kwa njiti ya spoku ya baiskeli iliyopondwa ncha, tia siki mpya. Hata siki usiilaze humo usiku kucha. Mwishoni suuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua ukali, halafu maji matupu mengi.

Kufikia jioni ya tarehe 22 niliweza kumulika tochi upande mmoja na kuiona nuru upande wa pili, silinda zote mbili.

Hedi niliilaza juu ya kioo cha dirisha, nikapitisha vipimo vyembamba pembeni. Cha milimita 0.05 kilipenya sehemu moja tu, karibu na silinda ya juu. Mpaka unaoruhusiwa ni 0.1, basi ipo ndani, lakini niliisugua kwa msasa wa 400 uliobandikwa kwenye kioo hichohicho, kwa mwendo wa namba nane, mpaka rangi ya chuma ikawa moja.

25 Septemba

Wiki mbili zimekwisha na mjomba hajasema neno. Mzigo umeshuka na basi kutoka Dar: gasketi ya hedi, gasketi za vifuniko, thamostati.

Nimeichemsha thamostati jikoni kwa shangazi, imening'inia kwa uzi ndani ya sufuria, kipimajoto cha kuzamisha pembeni yake isiguse chini. Ilianza kufunguka karibu kabisa na namba iliyogongwa kwenye bati lake, ikafunga ilipopoa. Nzima.

Mjomba alipinga mpaka dakika ya mwisho. Kwa nini turudishe kitu kinachoziba maji? Nikamwambia mashine inayokaa baridi mno haiunguzi vizuri petroli yenye oili, plagi zinalowa, na masizi yanajaa. Akauliza, basi kwa nini tusitie ya gari, zipo tele? Kwa sababu ya gari hungoja nyuzi 80 na zaidi. Gari linazungusha maji yaleyale matamu, sisi tunapitisha bahari mpya kila sekunde, na bahari kwenye joto lile inatapika chokaa. Za mashine za boti hufunguka kuanzia 50 hivi, au 60 hivi, kwa sababu hiyo. "Haya fundi friji," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo kwa heshima.

27 Septemba

Nimefunga. Bolti kuanzia katikati kwenda nje kwa kupishana, mzunguko wa kwanza nusu ya nguvu, wa pili nguvu kamili ya kitabu, kwa spana ya kupimia niliyoazima. Grisi ya baharini kwenye kila uzi wa bolti. Silikoni: hakuna.

Pipa, dakika 15: chini 53, juu 54. Nilirudia kupima nikidhani nimebandua ile gundi nyeusi. Juu 54.

29 Septemba

Vijana walewale, mifuko ileile, na fundi wa mageti omo, mbele kabisa, kama mgeni rasmi. Bahari ilikuwa na mawimbi ya kusi iliyochoka.

Mafuta yote dakika 20 bila kupunguza: chini 61, juu 64. Ikaganda hapo. Plagi ya juu jioni ilianza kupata rangi.

Kasoro iliyobaki: kifuniko cha thamostati kinavuja matone mawili kwa dakika pale kwenye ile bolti iliyokatika, kwa sababu uzi wa tundu lake umeliwa. Nitatia uzi wa kupandikiza mwezi ujao. Kwa sasa matone yanadondoka nje, hayadhuru.

Utaratibu mpya: tukirudi tunaishia pipani, maji ya bomba dakika 10, si mpaka mashine ipate joto tu, maana thamostati isipofunguka maji matamu hayapiti kote. Mjomba zamani alikuwa anapanda mto kidogo na kusema ameisuuza. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, chumvi inapanda nao huo mto.

Ndani ya kofia nimeandika kwa kalamu ya rangi: JUU 64, CHINI 61, MAFUTA YOTE.

3 Oktoba

Nilikuwa nimelala chini ya friji ya mtu, mkono mmoja nyuma ya kompresa, simu ikaita. Upepo mwingi, sauti za wageni nyuma, maji yakipiga. Mjomba, kutoka Maziwe.

"Sitini na tatu," akasema, akakata.